Sentimita 60 za theluji: kikundi cha Mtwara, utabiri wa siku kumi na moja na usiku mmoja Kibo

Kisa hiki kinahusu kikundi kilichopanga safari ya Kilimanjaro kikiwa Mtwara, kikakutana na utabiri wa theluji kubwa siku kumi na moja kabla ya usiku wa kilele. Majina ya watu, ya kikundi na ya kampuni iliyowapandisha yameondolewa, na mwaka pia. Vimo vya vituo vimekadiriwa, kwa kuwa vibao vya mlimani na ramani hupishana kwa mita chache.

Usuli

Kikundi kilikuwa na watu tisa, wanawake wanne na wanaume watano, wenye umri wa miaka 27 hadi 54. Kilianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, kisha kikaongeza matembezi ya Jumamosi. Walikubaliana kupanda Kilimanjaro na kuwa kileleni asubuhi ya tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Tarehe hiyo ilikuwa na heshima yake, lakini kilichoamua zaidi ni mfuko: minada ya korosho huanza Oktoba, na mwishoni mwa Novemba wengi wao huwa wameshalipwa.

Njia ilikuwa Marangu, kwa ushauri wa kiongozi wa mlima. Katika miezi ya mvua njia hii ina faida moja kubwa, kwamba watu wanalala kwenye vibanda na si kwenye mahema. Ratiba ilikuwa ya siku saba: tarehe 5 kutoka lango la Marangu hadi Mandara (mita 2,720), tarehe 6 Horombo (3,720), tarehe 7 kupumzika Horombo ili mwili uzoee kimo, tarehe 8 kibanda cha Kibo (4,720), usiku wa kuamkia tarehe 9 kupanda hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta (5,685), na Uhuru (5,895), tarehe 10 siku ya akiba, tarehe 11 kushuka langoni.

Mambo mawili ya nyumbani yaliathiri kila kitu kilichofuata. La kwanza, hawa ni watu wa usawa wa bahari. Mazoezi yao makali yalikuwa kupandisha mteremko wa Newala, na uwanda wote wa Makonde haufiki mita 1,000. Miguu iliiva, ila mwili haukuwa umeonja hewa nyepesi hata siku moja. La pili ni majira. Mtwara na Lindi zina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na Desemba ndipo mkulima anapokodolea macho mawingu akingoja mvua zishike. Kilimanjaro ina misimu miwili, vuli na masika, na Desemba mapema ni mkia wa vuli. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli na mwelekeo wa msimu kwa nyakati tofauti, kila mmoja kwa mikoa yake. Mratibu wa kikundi alikuwa amesoma ule wa msimu, unaohusu kwao, akauchukulia kuwa unatosha hata kwa mlima. Haukutosha, kwa sababu mlima uko kwenye taarifa nyingine kabisa.

Utabiri wa kwanza

Tarehe 28 Novemba mratibu alituma kwenye kundi la simu picha ya ukurasa wa utabiri wa milima: theluji sentimita 60 kileleni, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9. Baada ya saa moja kundi lilikuwa limegawanyika. Mtunza hazina alitaka fedha zirudi. Kijana mmoja aliuliza kama inawezekana kukodi mbao za skii na kuteleza kutoka Gilman's. Mama mkubwa wa kikundi aliandika: "Jamani, tunaambiwa sentimita 60 na nani? Na amepimaje?" Hilo ndilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo.

Kampuni ilitoa hadi tarehe 1 Desemba kubadilisha tarehe bila kukatwa fedha. Walikuwa na siku tatu.

Mratibu alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Hakurudi kwenye ukurasa uleule kila saa kutafuta jibu la kumtuliza, bali kila asubuhi, saa moja, aliandika kwenye daftari matokeo mapya ya siku ileile ya kilele. Daftari lilisomeka hivi: tarehe 28 sentimita 60, tarehe 29 sentimita 12, tarehe 30 sentimita 35, tarehe 1 sentimita 8, tarehe 2 sentimita 22. Kando aliandika mambo matatu ambayo hayakuyumba: mstari wa nyuzi sifuri, yaani kimo ambacho joto la hewa hufika sifuri, ulikuwa kati ya mita 4,800 na 5,000 kila siku, upepo ulikuwa hafifu wa mashariki, na mvua ilionyeshwa kuanzia alasiri.

Maamuzi kabla ya safari

Waliamua kutosogeza tarehe. Hoja iliyoshinda ni kwamba namba inayoruka kutoka 60 hadi 12 hadi 35 haijajua bado dhoruba itadondoka wapi, na siku kumi na moja kabla haiwezi kujua. Kilichokuwa kinasemwa kwa uthabiti ni kwamba anga lina unyevu na kwamba mpaka wa theluji utakuwa jirani na Kibo. Kusogeza safari kwa wiki moja kusingebadilisha hayo mawili.

Uamuzi wa pili ulihusu vifaa. Kila mtu alikodi Moshi koti la kuzuia maji na suruali yake, fimbo mbili za kutembelea na begi la kulalia. Vifuniko vya kuziba theluji isiingie viatuni vilipatikana jozi mbili tu. Glovu kila mtu alijinunulia, na hapo kukawa na uzembe: wanne walibeba za sufu zilizofumwa, bila za juu zisizopitisha maji. Miwani ya jua iliandikwa kwenye orodha kwa neno moja tu, "miwani", bila maelezo ya aina.

Siku ya akiba ilikuwamo tayari kwenye ratiba. Hakuna aliyeuliza inatumikaje.

Kilichotokea mlimani

Tarehe 5 na 6 zilipita kama vuli inavyopita: asubuhi jua, kuanzia saa nane mchana wingu linapanda kutoka msituni, alasiri manyunyu. Tarehe 7 walipanda hadi Zebra Rocks wakarudi kulala Horombo. Mmoja alikuwa na kichwa kinachouma na hamu ya chakula imekatika. Kiongozi alimpima oksijeni kwa kipimo cha kidole asubuhi na jioni, akamruhusu kuendelea kwa masharti.

Tarehe 8, njiani kwenda Kibo, mratibu alipata mtandao kidogo akaona mvua ingekoma "18:00". Aliwaambia wenzake itakoma saa kumi na mbili jioni. Ukurasa ule ulitumia saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, hivyo 18:00 yake ilikuwa saa tatu usiku. Walifika Kibo saa tisa alasiri theluji ikianza. Ilikuwa tepetepe, inayoyeyuka mabegani na kulowesha. Ngurumo zilisikika upande wa Mawenzi hadi saa moja jioni. Theluji ilikata saa tatu usiku kasoro, kama utabiri ulivyosema kwa anayejua kusoma saa zake.

Desturi ni kuondoka Kibo kati ya saa tano na saa sita usiku. Saa nne kiongozi alitoka nje akachomeka fimbo kwenye theluji mlangoni: sentimita 4. Kulikuwa na nyota juu na ukungu chini. Njia ya kwenda pango la Hans Meyer ilikuwa imefunikwa, na makundi mengine mawili yaliyokuwa kibandani hayakuwa yametoka.

Hapo ndipo siku ya akiba ilipotajwa. Mratibu alipendekeza walale, wapande usiku unaofuata. Kiongozi alimjibu kwa mambo mawili. Vitanda vya usiku wa tarehe 9 Kibo vilikuwa na wenyewe, kwa kuwa Siku ya Uhuru huleta watu wengi. Na Kibo hakuna chanzo cha maji: yote hubebwa kutoka chini, kuanzia mahali pa mwisho pa maji juu kidogo ya Horombo. Watu tisa pamoja na viongozi, mpishi na wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa huko, walihitaji angalau lita 100 nyingine kwa siku ile. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20, mzigo mzima wa mgumu mmoja. Hakuna aliyekuwa amepangwa kurudi kuyachota.

Basi uamuzi ukawa huu: kuondoka saa nane usiku badala ya saa tano na nusu, ili makundi yaliyotangulia yakanyage njia na theluji ya juu igande. Atakayefika Gilman's baada ya saa mbili kamili asubuhi hataendelea Uhuru, hata akijisikia vizuri. Aliyekuwa na maumivu ya kichwa alibaki Kibo na kiongozi msaidizi.

Matokeo

Wanane walitoka. Kwenye pango la Hans Meyer, karibu mita 5,150, fimbo ilizama sentimita 11, na Gilman's sentimita 17. Wawili waligeuka pangoni kwa sababu ya vidole: glovu zao za sufu zililowa Kibo jioni, zikaganda njiani. Watatu walifika Gilman's saa moja na dakika 20 asubuhi na Uhuru saa tatu na dakika 10. Watatu wengine walifika Gilman's saa mbili na dakika 25, wakageuzwa. Mmoja wao alilia, na kiongozi hakubadilisha neno.

Hakuna aliyepata jeraha la kudumu. Lakini jioni ya tarehe 9 Horombo, wawili kati ya waliofika Gilman's walianza kuona kama wametiwa mchanga machoni, machozi yakitiririka, taa ya kibanda haiangaliki. Walikaa gizani na kitambaa cha maji baridi, bila kusugua, na asubuhi ya tarehe 11 waliweza kutembea wenyewe. Tarehe 10 yote walishindwa kushuka. Ndiyo kazi pekee ambayo siku ya akiba ilifanya.

Uchambuzi: ile 60 ilitoka wapi

Programu nyingi za utabiri hazihesabu theluji moja kwa moja. Huchukua milimita za maji zilizotoka kwenye modeli, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, na kuzizidisha kwa uwiano uleule, milimita moja ya maji kuwa sentimita moja ya theluji. Tarehe 28 modeli ilitoa milimita 60, programu ikaandika 60 na kubadilisha kipimo tu.

Kosa la kwanza ni mahali. Modeli ya Marekani inayolisha kurasa nyingi za bure hugawa dunia katika visanduku vya kilomita 13 hivi. Ya kituo cha utabiri cha Ulaya ni kilomita 9 hivi. Ndani ya kisanduku cha namna hiyo kilele cha Kibo kinasawazishwa na miteremko yake, na kilele cha kwenye modeli kinakuwa chini ya kilele halisi kwa mamia ya mita, pengine zaidi ya elfu moja. Mvua inayohesabiwa ni ya mlima mfupi ulio karibu na ukanda wa msitu. Na Kilimanjaro mvua nyingi hunyesha hapo msituni, kwenye mita elfu mbili na kitu. Ukipita Horombo kiasi kinaporomoka, na kutoka uwanda ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo kwenda juu ni jangwa la baridi. Anayehamisha milimita za msituni hadi mita 5,895 anamwagia jangwa maji yasiyo yake.

Kosa la pili ni uwiano. Kumi kwa moja ni wastani wa theluji ya baridi ya kati. Theluji inayoanguka karibu na nyuzi sifuri ni nzito na hushindiliana, sentimita tano hadi nane kwa sentimita moja ya maji. Ile ya Kibo tarehe 8 ilikuwa ya aina hii.

Kosa la tatu, na hili ndilo linaloumiza wapangaji wengi, ni kuichukulia namba moja ya siku kumi na moja kama kauli. Vituo vikubwa huendesha modeli mara nyingi kwa wakati mmoja, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya kuanzia. Kituo cha Ulaya huendesha 51. Ukurasa wa bure huonyesha moja. Daftari la mratibu, kwa kuandika siku tano mfululizo, lilikuwa njia ya kienyeji ya kuona kile ambacho zile 51 zingeonyesha: mtawanyiko mpana. Watu wa Mtwara wanaijua hali hii kutokana na vimbunga. Kenneth, Aprili 2019, na Hidaya, Mei 2024, vilifuatiliwa kwa koni inayopanuka kadiri siku zinavyokwenda mbele, na mvuvi wa Mikindani anaelewa kuwa kimbunga kinaweza kupita popote ndani ya koni. Theluji ya mlimani haichorewi koni, lakini inastahili.

Kilichofaa kusomwa

Mstari wa nyuzi sifuri ulikuwa na thamani kuliko sentimita zote. Katika ukanda wetu huyumba kidogo sana kutoka siku hadi siku, hivyo utabiri wake hushika hata kwa wiki. Ukiwa mita 4,900, hesabu ni rahisi: hewa hupoa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Kibo itakuwa +1, Gilman's −5, Uhuru −6.5. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiongezeka, pale Uhuru ngozi huhisi kama −15. Theluji huweza kushuka mita 200 hadi 300 chini ya mstari huo kabla ya kuyeyuka, maana hewa hupoa inapoyeyusha chembe zake. Hivyo tangu tarehe 28 ilikuwa inasomeka kwamba Kibo ingepata theluji ya maji, na juu yake theluji kavu.

Hesabu hiyo ndiyo ingewaambia kuhusu glovu. Baridi kavu ya −6 inavumilika kwa sufu. Hatari ni kulowa kwenye +1 na kupanda na unyevu huo hadi −5. Jozi mbili zilihitajika: nyembamba ya ndani na ya nje isiyopitisha maji, na ile ya nje haivaliwi Kibo wakati wa kuzungukazunguka nje, inabaki begini kavu hadi muda wa kuondoka.

Mwelekeo wa vuli wenyewe ungewasaidia tangu mwisho wa Agosti. Bahari ya Hindi upande wetu inapokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli ya kaskazini huwa na mvua nyingi, kama 2019 na 2023; ikigeuka, vuli hukauka, kama 2022. Hausemi lolote kuhusu usiku wa tarehe 8, lakini unasema kama vifuniko vya viatu vikodiwe jozi mbili au tisa, na vifaa vya kukodi Moshi vinaweza kuisha mapema.

Kuchelewa kutoka

Saa mbili na nusu za kuchelewa zilikuwa na faida na gharama. Faida ilionekana: njia ilikuwa imekanyagwa, na changarawe legelege chini ya Gilman's ilikuwa imeganda, ikashika mguu. Gharama ni kwamba waliteremka juani. Kuanzia saa tatu asubuhi theluji juu ya changarawe iligeuka tope, na mmoja alianguka mara tatu. Kwa sentimita 4 Kibo, kuchelewa saa moja kungetosha. Kiongozi mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Mpaka wa saa mbili asubuhi, kwa upande mwingine, ulikuwa sahihi na ulisemwa mapema, kibandani, watu wakiwa na akili timamu. Mita 5,685, hewa ikiwa karibu nusu ya ile ya Shangani, ufukweni Mtwara, si mahali pa kuanza kujadiliana.

Macho

Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi ya miale ya urujuanimno, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Dalili huja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, ndiyo maana walioungua hawakujua wanaungua. Mmoja alivaa miwani ya urembo ya sokoni, nyeusi lakini bila kinga ya miale. Mwingine aliivua nzuri kwa ajili ya picha na kuisahau kofiani kwa saa nzima. Neno "miwani" kwenye orodha lilipaswa kuandikwa: kinga ya UV400, iliyofunika pembeni, yenye kamba ya shingoni.

Swali la skii

Kijana aliyeuliza alistahili jibu, na hakupewa. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walishuka Kibo kwa skii. Wakati huo barafu ya mlima ilikuwa takriban kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Leo theluji ya vuli huangukia moja kwa moja juu ya changarawe na mawe. Sentimita 17 haziwezi kubeba mbao za skii juu ya mawe, na jua la ikweta huzimaliza saa chache baada ya kuchomoza. Hata ile 60 ingekuwa kweli, ingekuwa laini bila tabaka lililoshindiliwa chini yake.

Anayetaka kuteleza barani Afrika huangalia Lesotho, Juni hadi Agosti, au milima ya Atlas huko Morocco katika miezi ya Desemba hadi Machi. Lesotho nako mwanzo wa msimu huamuliwa kidogo na theluji ya angani. Hutengenezwa kwa mashine, na mashine hizo huhitaji kipimajoto chenye kitambaa cha maji kisome kama −2 au chini yake. Hewa kavu ikiwa hata +1 huweza kufaa, hewa yenye unyevu ikiwa −1 hukataa. Kwa hiyo anayekata tiketi ya mapema Juni aangalie usiku mkavu na baridi mfululizo, kabla hajaangalia sentimita.

Kilichobadilishwa

Kikundi kimeandika upya ukurasa wa siku ya akiba. Sasa unataja vitanda Kibo kwa usiku wa pili vilivyolipiwa, madumu matano ya lita 20, na majina ya wagumu watano watakaorudi mahali pa mwisho pa maji saa mbili asubuhi ikiwa kilele kimeahirishwa. Saa zote za utabiri zinaandikwa daftarini baada ya kuongezwa tatu, kwa saa za Kiswahili.